Kwa Nini Bol Bol Alishuka hadi Nafasi ya 44

Bol Bol, mzaliwa wa Khartoum na mwana wa mchezaji maarufu Manute Bol, alitarajiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Juni 2019. Chuo Kikuu cha Oregon alifunga wastani wa pointi 21, lakini kwa michezo 9 tu. Kisha akaumia mfupa wa mguu wa kushoto. Akaitwa wa 44. Wateule 30 wa kwanza huhakikishiwa mshahara. Wanaofuata hawana uhakika huo. Timu hazikutilia shaka kipaji chake, bali afya yake. Vijana wa Kigali, ilikoanzia Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika mwaka 2021, wasitegemee sifa pekee.