Meni swichi ya Land Rover ya babu

Wadau, nimerudi kutoka Makanya, kule Same, na leo siandiki siasa. Naandika betri.

Babu yangu ana Land Rover ya mwaka 1964. Haitembei kila siku, na kuna waya mahali unanyonya umeme taratibu, kwa hiyo betri hulala. Mwezi uliopita jirani alishikwa na uchungu usiku, gari likagoma, vijana wakalisukuma nusu saa nzima. Vijiji vya juu milimani mtu huegesha mteremkoni. Asubuhi anaachia breki, anaingiza gia, limewaka. Pale kwa babu ni tambarare tupu.

Zamani kulikuwa na hendeli. Hendeli ilivunja mikono ya watu wengi duniani mpaka Charles Kettering alipotengeneza starta ya umeme, ikaingia kwenye Cadillac za mwaka 1912. Hata hivyo Land Rover ziliendelea kuja na hendeli kwa miaka mingi, kama akiba. Ya babu ilipotea miaka ya themanini, enzi zile spea zilitafutwa kama dawa.

Basi akaitwa fundi afunge swichi ya kukata betri, ile madereva wa malori wanayoiita meni swichi. Kijana wa rika langu, anajua kazi. Akasema swichi inakaa upande wa hasi, kati ya betri na bodi.

Babu akamwambia, "Mjukuu wangu, bodi ya gari hili ni chanya."

Fundi akacheka. Mimi, na digrii yangu, nikacheka pia.

Tukafungua boneti. Waya mnene wa bodi ulitoka kwenye chanya! Nilipofuatilia nikakuta magari mengi ya Waingereza yalifungwa hivyo, na Land Rover waligeuza kwenda hasi mwaka 1967, mwaka wetu wa Azimio la Arusha. Gari la babu limezaliwa miaka mitatu kabla.

Si ubishi wa bure. Swichi hukaa upande wa bodi kwa sababu spana ikiteleza hapo ikagusa chuma, hakuna kinachotokea. Kwa babu, hasi ndiyo hai: spana ingegusa bodi, cheche zingeruka juu ya betri inayotoa haidrojeni, karibu na uso wa fundi.

Ikafungwa kwenye chanya, kwa waya mnene, maana starta hula zaidi ya ampia mia kwa mpigo. Fundi akaongeza onyo moja kwa wenye magari ya kisasa: usiikate injini ikiwa inanguruma, utaunguza daiodi za altaneta. Babu ana dainamo, lakini naye ameambiwa asithubutu.

Swichi ina ufunguo mwekundu unaochomoka. Babu alitaka alale nao chini ya mto. Bibi amekataa, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na jirani ameonyeshwa.