Tarikhi ya Vyombo Vidogo na Usuhuba wa Mafundi Wake

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu wenye haraka huzihesabu kuwa mchezo, ipo moja yenye tarikhi ndefu na adabu kali, nayo ni kazi ya kuunda merikebu, magari, vifaru na ndege kwa umbo dogo na kwa kipimo kilichohesabiwa, hata jicho la mtu aijuaye asili lisipate la kukosoa. Ukale wake hauna shaka. Mwaka 1920 wachimbuzi wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York, wakiongozwa na Herbert Winlock, walifunua chumba cha siri katika kaburi la Meketre huko Thebes, nchini Misri, wakakuta humo mashua za mbao pamoja na mabaharia wake na makasia yao, zilizokaa gizani yapata miaka elfu nne zikimngojea bwana wake asafiri ahera. Lakini mashua zile zilikusudiwa marehemu, na mimi nakusudia kusema juu ya walio hai. Maana katika kusoma habari za mafundi hawa nimeona jambo moja likirejea zama baada ya zama: kila mara ujuzi mpya ulipoifanya kazi yao kuwa nyepesi, wao wenyewe waliifanya nzito tena kwa hiari yao, na uzito ule ndio uliowafanya wahitajiane.

Tutangulize watu ambao hiari hawakuwa nayo. Katika vita virefu vya Uingereza na Ufaransa, vilivyoanza kabla Napoleon hajashika mamlaka vikaendelea hadi alipoanguka, Waingereza walijenga kambi ya mateka huko Norman Cross, karibu na mji wa Peterborough, nayo ikaanza kupokea watu mwaka 1797. Maelfu ya Wafaransa na Waholanzi, wengi wao mabaharia, walifungiwa humo miaka kwa miaka bila ya kujua siku ya kufunguliwa; nao wakaokota mifupa iliyosalia katika posho yao ya nyama, wakaichemsha, wakaianika hata ikawa nyeupe, wakaipasua vibao vyembamba, kisha wakavipigilia kimoja kimoja juu ya kiunzi cha mbao, hata ikatoka manowari ya milingoti mitatu yenye foromali zake, kamba zake na mizinga yake. Baadhi ya manowari zile zina nyuzi zilizopitishwa nyuma, ambazo ukizivuta mizinga yote huingia ndani kwa pamoja. Kazi ya namna hii ni vigumu kuidhania kuwa ya mtu mmoja, kwani baharia alijua jarari inapopita lakini huenda hakujua kushika tupa, na mchongaji aliujua mfupa lakini merikebu aliijua kwa kuitazama tu. Ikawa elimu ya mmoja ni haja ya mwenziwe. Bidhaa hizo ziliuzwa sokoni langoni pa kambi, na fedha iliyopatikana ilinunua chakula na vifaa zaidi.

Wajuzi wa mambo ya bahari huzikosoa merikebu za mifupa kwamba vipimo vyake si sahihi, nao wasema kweli, kwa kuwa mateka waliziunda kwa kumbukumbu, ilhali vielelezo vilivyoundwa kwa ajili ya wakuu wa jeshi la majini la Uingereza tangu karne ya 17 vilifuata hesabu za wajenzi wenyewe. Hata hivyo mimi naziweka juu ya vile vya wakuu. Fundi wa wakuu alilipwa ili awe sahihi, bali mateka, aliyepewa mfupa na kisu, alikuwa radhi kuifuata kumbukumbu yake hadi mwisho wa kamba ya mwisho. Nyingi katika kazi hizo za mateka zimehifadhiwa katika makumbusho ya Peterborough, na majina ya walioziunda kwa sehemu kubwa yamepotea.

Si vema kupita hapa bila ya kuukumbuka mtepe wetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kutwekwa tanga la mkeka, ambacho kilitoweka katika bahari ya Lamu kabla ya nusu ya karne ya 20. Atakaye kuujua leo hana budi kutegemea picha chache, maelezo ya walioandika, na vielelezo vidogo vilivyomo katika makumbusho. Na pale ambapo picha haionyeshi na mwandishi hakutaja, hubaki ushahidi wa fundi aliyekishona kielelezo kwa uaminifu. Basi udogo wa kitu si udogo wa manufaa yake.

Magari yaliingia katika sanaa hii kwa nguvu mpya huko Marekani. Ndugu wa ukoo wa Fisher, watoto wa mhunzi aliyekuwa pia muunda magari ya farasi mjini Norwalk, Ohio, walianzisha mwaka 1908 mjini Detroit kampuni ya kuunda mabodi ya motokaa, ambayo baadaye ilimezwa yote na General Motors. Na mwaka 1930, wakati mashine za kukandamiza bati zilipokuwa zikiwaondoa kazini maseremala wa zamani, kampuni hiyo ilianzisha chama cha vijana kilichoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Kila kijana aliyejiunga alipewa michoro ya gari la farasi la kifahari, kwa mfano wa magari ya Napoleon, gari lile lile lililokuwa nembo ya kampuni, na akatakiwa aliunde kwa mikono yake mwenyewe: magurudumu yenye njiti, milango yenye bawaba, springi, nakshi, vitambaa vya ndani na rangi za nje. Hapakuwa na kipande kilichokuja tayari. Mvulana wa shamba asiye na karakana alijifunza humo useremala, uhunzi, ushonaji na upakaji rangi kwa kazi moja, na wapo waliotumia miaka, wakishindwa na kurudia. Kazi zao zilishindanishwa, na washindi wakuu walipewa dola 5,000 za kusomea chuo kikuu, nayo ilikuwa mali nyingi katika miaka ile ya dhiki ya uchumi. Washindi wa majimbo walialikwa Detroit wakakutana, na kila mmoja akapata kuona jinsi mwenziwe wa mbali alivyolitatua fumbo lile lile lililomkesheza yeye. Baadaye shindano likageukia magari ya kubuni kwa kipimo cha 1:12, na mmoja wa washindi wa mwaka 1947, Chuck Jordan, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa ubunifu wa magari ya General Motors. Wasichana hawakukaribishwa, na hilo ni pungufu lisilosameheka kwa urahisi; walakini katika kukuza saburi ya vijana sijui shule iliyoipita hiyo, hadi ilipofungwa mwaka 1968.

Zama hizo hizo Waingereza walikuwa wakishughulika na ndege. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Skybirds iliuza vipande vya mbao kwa kipimo cha 1:72, kipimo ambacho humfanya mtu wa futi 6 kuwa inchi 1, ikaunda na jumuiya ya wateja wake. Na mwaka 1936 zikatoka chini ya jina la FROG ndege za kwanza za kuunganishwa za plastiki. Vita vilipokuja, mchezo ulipata wito wa dharura. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule waunde ndege ndogo 500,000 za mbao kwa kipimo hicho cha 1:72, ili askari wajifunze kutambua kwa umbo la kivuli ndege ya rafiki na ndege ya adui.

Baada ya amani, plastiki ilishika hatamu. Nicholas Kove, Mhungaria aliyehamia Uingereza na kuanzisha kampuni ya Airfix mwaka 1939, alikuwa akitengeneza vitu vya mpira na vitana, hata kampuni ya trekta za Ferguson ilipomtaka aunde trekta ndogo za kugawiwa wauzaji wake. Na kwa kuwa kuziunganisha kiwandani kulikuwa taabu na gharama, hatimaye trekta ile iliuzwa vipande vipande, mnunuzi aunganishe mwenyewe. Mwaka 1952 ikafuata merikebu ya Golden Hind, iliyotiwa katika mfuko mwepesi ili iuzwe katika maduka ya Woolworths kwa shilingi 2. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na kwa nukta chache hutoka kile ambacho mateka wa Norman Cross angekitolea miezi.

Hapo ndipo mtu angedhania kuwa subira imekwisha kazi yake. Kinyume chake, sasa ndipo ilipoanza kujulikana, kwa maana haikulazimishwa na kufuli wala na ukosefu. Fundi hapokei kipande kama kilivyotoka kalibuni. Hukikata kwa koleo kali, huondoa kwa msasa ule mshono mwembamba ulioachwa na nusu mbili za kalibu, huziba ufa kwa lipu laini, hungoja ikauke, husugua tena, kisha hupaka rangi ya kwanza kwa ajili ya kufichua makosa ambayo jicho halikuyaona, naye akiyaona hurudi nyuma. Minyororo ya kifaru, ambayo kiwanda kilikwisha kuitoa kwa mkanda mmoja wa mpira, yeye huitupa akanunua pingili mbalimbali, mamia kwa hesabu, azisafishe na kuziunga moja baada ya moja, ili mnyororo ulalie magurudumu kwa uzito wake kama ulivyo wa chuma. Tena ustadi mkubwa umo katika kujizuia: rangi ikiguswa kabla ya wakati hubeba alama ya kidole daima, na gundi iliyozidi huyeyusha kile ilichotumwa kukiunga. Anayedhani kuwa hii ni subira ya mvivu na ajaribu jioni moja.

Katika mji wa Shizuoka, nchini Japani, ambako husimuliwa kuwa maseremala walioitwa zama za watawala wa Tokugawa kujenga hekalu la Sengen walikaa moja kwa moja wakaacha ufundi wao kwa vizazi, sanaa hii ilipata makao yake makuu. Kampuni ya Aoshima ilianza huko mwaka 1924, Hasegawa mwaka 1941, na mwaka 1946 Yoshio Tamiya akafungua kiwanda cha kupasua mbao, ambacho kiliunguzwa na moto wa mwaka 1951, naye akaelekea katika vielelezo vya mbao. Chombo chake cha kwanza cha plastiki, manowari Yamato ya mwaka 1960, kilimtia hasara kwa sababu mshindani alitoa Yamato ya bei nafuu. Lakini kifaru cha Panther kilichofuata kiliokoa nyumba, nacho ndicho kilichoupa ulimwengu kipimo cha 1:35, kilichochaguliwa si kwa hesabu ya wanazuoni bali kwa kuwa mota na betri zilihitaji nafasi ya kukaa tumboni mwake. Mwanawe Shunsaku alikuwa na shauku ya usahihi isiyotosheka. Alipotaka kutoa Porsche ya kipimo cha 1:12, iliyotoka mwaka 1976, alinunua Porsche nzima, akaifungua yote hadi parafujo ili kila kipande kipimwe, kisha ikabidi waitwe mafundi wa Porsche waje waiunge tena.

Usuhuba wa kazi hii haukutokana na ukarimu wa tabia pekee, bali na haja. Hakuna mtu mmoja awezaye kujua rangi ya kila jeshi katika kila jangwa na aina ya kila kofia ya gurudumu. Kwa hiyo mwaka 1963 Waingereza waliunda jumuiya ya waunda vielelezo vya plastiki, ijulikanayo kwa herufi zake IPMS, na matawi yakaenea katika nchi nyingi, yakibadilishana picha, vipimo na masahihisho. Naye Sheperd Paine wa Chicago, stadi aliyepanga vyombo na watu wadogo katika mandhari kana kwamba tukio limesimama ghafula, alikubali katika miaka ya 1970 kazi zake zichapwe katika vikaratasi vilivyotiwa ndani ya masanduku ya kampuni ya Monogram, akaeleza wazi jinsi ya kuosha chombo kwa rangi nyembamba iliyo nyeusi ili ikae katika mifereji, na jinsi ya kupitisha brashi iliyo karibu kukauka ili kingo zing'ae. Angeweza kuficha. Kwa vikaratasi vile vijana wasiomjua walipata kwa siku moja kile alichokitafuta kwa miaka, nao wakampita katika mengine, na sijaona dalili kwamba alijuta.

Tangu mwaka 1990, wakati wa maonyesho ya kila mwaka ya viwanda vya Shizuoka, vyama vya mafundi wa hiari hupanga meza zao chini ya paa moja na viwanda vyenyewe, wakitoka pembe zote za Japani na ng'ambo, na kazi ya mzee wa miaka themanini hukaa ubavuni mwa kazi ya mwanafunzi. Na sasa imekuja mashine ya kuchapa maumbo kutoka kompyuta, ambayo yaweza kutoa mnyororo wa kifaru ulio tayari, pingili zote zikiwa zimeungwa. Mafundi wameipokea kwa furaha, wakaanza kuchapia kwayo nati na vichwa vya parafujo visivyofika unene wa punje ya mtama, ambavyo kiwanda hakikuvitia, nao huvikata kimoja kimoja na kuvibandika kwa ncha ya kisu.