Safari ya hedseti ya rubani mpaka ndani ya sikio

Hedseti nyepesi inayoingia ndani ya sikio, inayopendwa leo na marubani wengi wa ndege ndogo, imetokana na vitu viwili vilivyobuniwa kila kimoja peke yake: kipokea sauti chepesi cha marubani wa mashirika makubwa, na kiziba sikio cha sponji. Vilichelewa sana kukutana. Kwa miongo mingi kabla ya hapo rubani alivumilia kelele tu, na Mwanza iliwaona baadhi ya marubani wa enzi hiyo.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Kuanzia Khartoum hadi Ziwa Victoria kazi ilifanywa na Short Calcutta, ndege ya kutua majini yenye injini tatu na nafasi za abiria 15. Abiria walikaa ndani. Marubani wawili walikaa puani mwa ndege, mahali pasipo na paa, injini zikinguruma nyuma ya vichwa vyao. Mtu wa redio alikuwa ndani pamoja na abiria, na ndiye aliyevaa vipokea sauti, kwa sababu mawasiliano yalikuwa ya nukta na vistari vya Morse. Kofia ya ngozi ya rubani ilikuwa ya kukinga upepo. Masikio yake hayakuwa na ulinzi wa maana. Mwanza yenyewe haikukaa mwisho wa njia kwa mwaka mzima. Januari 1932 safari ziliporefushwa hadi Cape Town, njia kuu ilipita Kisumu na Nairobi.

Vipokea sauti vya kichwani havikuwa vipya wakati huo. Nathaniel Baldwin, mhandisi wa Utah, aliviuza kwa jeshi la majini la Marekani tangu 1910. Tatizo lilikuwa uzito wake, na namna vilivyobana kichwa. Ndiyo maana, hata baada ya Vita Kuu ya Pili, rubani wa ndege ndogo alitumia kipaza sauti cha kushika mkononi na spika iliyofungwa darini. Mnara ulipoita, aliongeza sauti ya spika ishinde injini, yaani aliongeza kelele juu ya kelele.

Athari za kelele hizo ni za polepole. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Ndege ya injini moja ya pistoni hupita desibeli 90 bila shida. Zikifika 94, muda salama ni saa moja tu, na madhara hayangoji rubani ayahisi.

Mwaka 1975 kampuni ya David Clark ya Worcester, Massachusetts, ilileta hedseti ya vikombe vya kuzuia kelele kwa ajili ya ndege ndogo. Ilikuwa hatua kubwa, na vikombe vya aina hiyo vingali kwenye viwanja vingi vya Afrika Mashariki kwa sababu havifi upesi. Mwaka 1989 Bose ikafuata na hedseti inayofuta kelele kwa umeme: maikrofoni ndogo husikiliza mngurumo ndani ya kikombe, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake. Mngurumo mzito wa injini hupungua sana, ila betri zinahitajika na bei hupanda.

Aina zote mbili zina kasoro moja ambayo kando ya Ziwa Victoria huonekana haraka. Kikombe huziba kelele kwa kubana. Ndege ikisubiri kwenye lami ya Mwanza saa nane mchana, jasho hujikusanya chini ya mito yake. Juu ya ziwa mng'ao wa maji humlazimisha rubani avae miwani ya jua, na mkono wa miwani hupita katikati ya mto na kichwa. Kelele huingilia hapo hapo, na mfupa ulio juu ya sikio huanza kuuma. Anayezunguka kati ya Mwanza, Rubondo na viwanja vya Serengeti huvaa na kuvua kifaa hicho mara nyingi kwa siku moja.

Wazo la kuachana na vikombe lilizaliwa kabla ya vikombe hivyo vya ndege ndogo. Mwaka 1961, huko Santa Cruz, California, marubani Courtney Graham na Keith Larkin walianzisha Plantronics. Hedseti yao, MS-50, ilikuwa na kipokea sauti kidogo kilichopeleka sauti sikioni kwa mrija mwembamba. Teknolojia ya kampuni hiyo ilitumika pia katika safari ya Apollo 11 mwezini, Julai 1969. Lakini MS-50 ililetea sikio maneno bila kulikinga na injini. Ndani ya ndege ya abiria yenye utulivu ilifaa. Kwenye ndege ya pistoni isingetosha.

Kinga ilitoka kwingine. Ross Gardner, mtafiti wa Marekani, aligundua sponji inayokubali kufinywa na kurudi taratibu katika umbo lake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kuuzwa kama kiziba sikio. Hiyo ilizuia kelele vizuri sana, pamoja na maneno. Mrija ulipopitishwa katikati ya sponji, kila kimoja kikaziba upungufu wa kingine. Hedseti za namna hiyo, kama Clarity Aloft, zilienea kwa marubani binafsi katika miaka ya 2000. Ya vikombe huweza kukaribia nusu kilo; hizi ni gramu chache tu kichwani, na nyingi hazihitaji betri.

Ubora wake hutegemea mikono ya mvaaji. Sponji husokotwa kwa vidole mpaka iwe nyembamba, sikio huvutwa juu kwa mkono wa pili, kisha huingizwa na kushikiliwa hadi ijae. Ikiingia nusu, kelele nyingi hupita pembeni, na lawama huangukia kifaa. Kwa hiyo anayenunua huanza na saizi ya sponji, maana masikio ya mtu mmoja yenyewe huweza kutofautiana. Huangalia pia plagi: ndege ndogo nyingi hutumia mbili, nene ya kusikilizia na nyembamba ya kipaza sauti, ilhali helikopta nyingi zina moja. Kipaza sauti lazima kikae karibu na mdomo, la sivyo mnara husikia injini kuliko maneno.

Zipo pia hedseti za sikioni zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege za jeti, kama Bose ProFlight ya 2018. Hizo hutegemea chumba cha rubani kilicho kimya kiasi, na ni makosa kuzinunulia Cessna ya pistoni kwa sababu tu ni nyepesi. Mwenye sikio linalotoa usaha au lililojaa nta abaki na vikombe mpaka apone. Sponji hazifai kuazimana, na hubadilishwa zinapokakamaa. Aidha, wakati wa kushuka, kiziba kilichobana sana hufungia hewa kati yake na ngoma ya sikio. Kukilegeza kidogo kabla ya kuanza kuteremka huepusha maumivu ya sikio.