Vigingi vya Kanam: nani ana haki ya kufuta?

Jothurwa, leo ni historia. Msikimbie, kuna mambo ya kompyuta ndani yake pia.

Watu wa Homa Bay tumebebeshwa lawama ya vipande vya chuma kwa karibu miaka tisini. Mwaka 1932 Louis Leakey alikuwa anachimba Kanam na Kanjera, hapa Rasi ya Homa. Mfanyakazi wake, Juma Gitau, akapata kipande cha taya. Leakey akatangaza kwamba ni ya binadamu wa kale sana, na mwaka 1933 wanasayansi waliokutana Cambridge wakamkubali. Sehemu za ugunduzi alizitia alama kwa vigingi vya chuma, halafu akaondoka.

Mwaka 1935 akaja mwanajiolojia Percy Boswell kuhakikisha. Vigingi havipo! Wenyeji walikuwa wameving'oa, na chuma si kitu cha kukosa kazi kando ya ziwa. Picha aliyoitumia Leakey nayo ikaonekana ni ya mahali pengine. Boswell akaandika kwenye jarida la Nature kwamba ushahidi hautoshi, na jina la Leakey likaingia doa.

Hii stori husimuliwa kama kichekesho, ati wenyeji walikula data ya mzungu. Mimi naisoma tofauti. Kumbukumbu pekee ya kuaminika iliachwa kwenye ardhi wanayoishi watu, bila ramani ya kutosha, bila nakala ya pili. Hata mvua ingeweza kuifuta. Shida haikuwa mkono uliong'oa kigingi, shida ilikuwa mpango wa kuhifadhi.

Na msidhani hayo ni mambo ya zamani. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta yake kubwa ya utafiti. Ni mafaili kama milioni 34, ya vikundi 14 vya watafiti. Programu ndogo iliyotakiwa kufuta kumbukumbu za mfumo zilizopitisha siku 10 ilibadilishwa ikiwa bado inafanya kazi, ikaanza kufagia mafaili ya watu. Vikundi vinne havikuweza kurudishiwa kazi yao. Hakuna mvuvi hapo.

Sasa tuje kwa ufutaji wa makusudi. Mwaka 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maagizo kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisiachiwe nchi zinazopata uhuru. Hapa Kenya mafaili yakachambuliwa. Mengine yangebaki kwa serikali mpya. Mengine yaliwekwa alama ya siri, na aliyeruhusiwa kuyashika ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya pekee. Ya kuchomwa yalitakiwa yawe majivu na majivu yenyewe yavurugwe. Ya kuzamishwa yatiwe uzito na kutupwa kwenye maji ya kina kirefu, mbali na pwani.

Kumbukeni hata ziwa letu lilikuwa na kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, kwenye visiwa vya Mageta na Saiyusi. Kwa hivyo msiseme hayo ni mambo ya Mlima Kenya.

Mafaili kama 1,500 ya Kenya yalisafirishwa Uingereza. Mwaka 1967 serikali yetu iliomba nyaraka zirudishwe, ikanyimwa. Mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, ndipo Uingereza ikakubali kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni 37 huko Hanslope Park. Juni 2013 ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Angalieni tarehe. Nusu karne imepita, na wengi walioteswa walishazikwa. Yaliyochomwa hayatalipwa kamwe kwa sababu hakuna anayeweza kuyataja.

Hapo ndipo naona tofauti. Operesheni ile ilikuwa na sera ya kufuta, tena sera kali kuliko za vyuo vingi leo. Ilikosa kitu kimoja tu: wenye habari hawakuambiwa.

Na hili linanigusa. Nilipoacha chuo (sitakitaja), akaunti yangu ilifungwa kwanza, halafu onyo kwamba mafaili yatafutwa likatumwa kwenye akaunti hiyo hiyo iliyofungwa. Ndani mlikuwa na sauti za wazee wa Migori tuliowahoji kama kikundi. Wawili kati yao wamefariki. Mnaona maana ya onyo ambalo haliwezi kusomwa?

Sisemi kila kitu kihifadhiwe milele. Diski hujaa, umeme ni pesa. Kwenye kompyuta za pamoja za utafiti, ni kawaida faili lisiloguswa kwa siku 30, 60 au 90 kuondolewa kwenye sehemu ya kazi za muda, na hiyo ni haki kwa wanaosubiri nafasi. Tena kuna data inayofaa kufutwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataa habari zako binafsi kukaa kuliko inavyohitajika, ingawa inaachia nafasi utafiti na historia. Na mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, tulipata sheria ya nyaraka za umma inayokataza kuziharibu kiholela.

Kufuta si dhambi basi. Dhambi ni kufuta kimyakimya.

Nendeni Thimlich Ohinga, Migori. Kuta za mawe zisizo na saruji, zaidi ya miaka 500, na tangu 2018 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Hazikusimama kwa bahati. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia na kuzikarabati. Kitu hudumu kikiwa na mtu anayejua ni zamu yake.

Kaunti zetu hizi mbili hutembelewa sana na watafiti, wa malaria, wa ukimwi, wa samaki. Wakija kwako na fomu, kabla hujatia sahihi uliza maswali matatu. Itakaa wapi? Itafutwa lini? Nani ataniambia kabla? Asipojua la tatu, mwambie arudi akijua.