Rangi na Daraja katika Njia ya Tabora

Neno behewa lina nasaba ya kale. Kabla halijawa gari la abiria lilikuwa ukumbi wa ndani wa nyumba kubwa za pwani, mahali ambapo si kila mgeni alifika. Reli ilipokuja, ukumbi huo ukapewa magurudumu. Nalo neno daraja, ambalo kwetu ni ngazi na pia ni kivuko cha kuunganisha ng'ambo mbili, likapewa kazi ya kuwatenga watu ndani ya behewa: la kwanza, la pili, la tatu. Katika njia ya Tabora kazi hiyo ya kutenga ilifanywa pia na rangi, na habari ya rangi hizo yaanza kabla ya chuma.

Njia ilikuwa ya miguu, kutoka Bagamoyo, kupitia Ugogo, hadi Unyanyembe, kisha Ujiji. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Burton ameeleza jinsi msafara ulivyojipanga. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa kitambaa chekundu cha joho, na mkononi ameshika bendera nyekundu ya Zanzibar. Kabla ya mtu kufumbua kinywa, wenye vijiji walikwisha kujua mali hiyo ni ya nani.

Nyuma yake walikuja wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mizigo yao ilikuwa ni rangi tupu: merikani isiyopaushwa, kaniki iliyochovywa katika nili, na shanga za namna nyingi. Kila nchi ilikuwa na rangi yake ya ushanga. Samisami nyekundu ilipendwa mahali pengi, lakini mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyokataliwa na wenyeji aliweza kulala njaa na marobota yamemjaa. Na walikuwako wengine katika njia hiyo ambao hawakupambwa kwa rangi yoyote. Hao walitambulikana kwa minyororo. Sisi wa visiwani hatuna haki ya kuisifu bendera ya kirangozi tukawasahau waliofungwa nyuma yake.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kilomita 1,250 kutoka baharini. Huko kwao Prussia, abiria alisomewa cheo chake na rangi ya behewa. Daraja la kwanza lilipakwa manjano, la pili kijani, la tatu hudhurungi, na la nne kijivu. Urusi ya wafalme ilikuwa na mpango wa namna hiyo: buluu kwa daraja la kwanza, manjano kwa la pili, kijani kwa la tatu. Ndiyo maana Alexander Blok, katika shairi lake la reli la mwaka 1910, aliweza kuwataja abiria kwa rangi za mabehewa yao tu, na wasomaji wake wakajua nani tajiri na nani fukara.

Kwetu, chini ya wakoloni, rangi iliyopanga watu haikununuliwa dukani kwa kopo. Wakati wa Waingereza, desturi ya njia ilikuwa Mzungu daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Msimamizi hakuwa na haja ya kutazama ubao wa behewa. Alitazama ngozi ya abiria. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na vichwa vya mvuke vya shirika hilo vikapakwa rangi ambayo Waswahili huiita damu ya mzee. Kichwa kimoja cha aina hiyo, nambari 3020, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Kinaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, majirani wa njia yetu. Tafakari hapo, ewe mpenzi wa mashairi: jina la kabila liliandikwa kwa heshima ubavuni mwa kichwa, na mwenye jina akapanda daraja la tatu.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na Azimio la Arusha mwaka 1967 likakemea unyonyaji na matabaka. Ngozi iliondolewa katika tiketi, lakini madaraja matatu yalibaki. Fedha ilikaa mahali pa ngozi. Katika daraja la kwanza chumba kilikuwa na vitanda viwili, katika la pili vitanda sita, na katika la tatu watu waliketi, usiku na mchana, na mizigo yao miguuni.

Tangu hapo wenye reli wamebadilika mara nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania likazaliwa. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kampuni ya ubia na RITES ya India. Mwaka 2011 ubia huo ulikwisha. Aprili 2015 ilizinduliwa treni ya Deluxe, yenye mabehewa mapya yanayong'aa, na hata ndani yake daraja la tatu lilikuwamo. Mwaka 2017 sheria ililirudisha Shirika la Reli. Kila mwenyeji mpya huja na brashi yake, kwa kuwa rangi huonekana siku ya kwanza, na tuta lililooza huonekana mvua inaponyesha.

Umma, hata hivyo, una macho yake. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma, Novemba 2024, watu hawakuitaja kwa rangi yake. Waliiita Mchongoko, kwa pua yake iliyochongoka. Mkataba wa kuifikisha reli hiyo mpya Tabora, kutoka Makutupora, ulitiwa saini Desemba 2021. Nayo itakuja na madaraja yake, kwa majina mapya.

Sidai kwamba vyeo vyote vya safari vifutwe. Anayelipia kitanda na alale. Ninalosema ni kwamba rangi mpya isipimwe kwa behewa la mbele. Ipimwe kwa la mwisho: taa zake zinawaka? Maji yapo? Mama wa Urambo mwenye gunia na mtoto amepata pa kuketi? Kama majibu ni ndiyo, basi daraja limerudia maana yake ya kwanza, la kuvusha watu. Kama siyo, bado tunatembea nyuma ya kirangozi, tukiitazama nguo yake nyekundu.