Fahamu, Roho na Mpaka wa Mauti

Kwenye matanga huku Nangina hakukosi mtu wa kusimulia jinsi fulani alivyokufa akarudi: moyo ulisimama, akajiona yuko darini akiwatazama madaktari, akaona mwanga, akaambiwa siku zake bado. Siku hizi msimulizi huongeza kwamba hata sayansi imethibitisha. Imethibitisha nini hasa, na kwa neno lipi?

Neno lenyewe ni fahamu. Wapo watafsiri wanaoandika roho mahali pake, na hao wamemaliza mjadala kabla haujaanza, maana roho, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, tayari ni kitu kisichozikwa. Kiswahili kilikwisha kuyatenganisha hayo mawili. Mtu hukata roho mara moja. Fahamu hupotea na kurudi. Tunasema roho yake, lakini fahamu zake, kwa wingi, nazo zina milango mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Muuguzi akisema "fahamu zimemrudia", hahubiri. Anasema mgonjwa amefumbua macho na anaitika akiitwa. (Maneno ya aina hii huhamahama, na hapa kwetu, mpakani mwa Kenya na Uganda, twaona hivyo kila siku: omwoyo kwa Mluhya ni moyo huu unaodunda, lakini ukivuka Busia ukafika kwa Waganda, omwoyo umekuwa roho.)

Basi dai linalobishaniwa ni hili: kwamba fahamu hubaki zikifanya kazi milango yote ikiwa imefungwa na ubongo umezimika.

Neno la pili lenye matata ni kufa. Lugha yetu imelitumia kwa ukarimu mno. Kifafa ni kufa-kufa, ilhali mwenye kifafa hajafa. Mgonjwa wa upasuaji hupigwa nusukaputi, yaani nusu pamoja na kaputt ya Kijerumani, iliyoharibika. Lakini sijasikia aliyeamka kutoka nusukaputi akidai amefika ahera. Moyo kusimama nako ni hali ambayo daktari bado anaipigania, akikandamiza kifua na kutumia umeme. Aliyeokolewa hapo hakufa. Alikaribia.

Kukaribia huko kumechunguzwa kwa makini. Mwandishi Raymond Moody alikuvumisha kwa kitabu chake cha 1975. Mwaka 2001 daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 344 waliohuishwa katika hospitali za Uholanzi, 62 walikumbuka jambo. Kisha daktari Sam Parnia akaandaa mtihani mzuri: rafu ziliwekwa juu wodini, zikiwa na picha ambazo angeziona tu anayeelea karibu na dari. Matokeo yalitoka 2014. Kulikuwa na matukio 2,060 ya moyo kusimama, katika hospitali 15. Waliohojiwa ni 140. Mmoja alieleza kwa usahihi mambo yaliyotendeka chumbani, lakini chumba chake hakikuwa na rafu. Hakuna aliyeiona picha hata moja. Yaani mtihani haukufanyika, na bado mitaani mtahiniwa akatangazwa kafaulu!

Sisemi kwamba upande wa pili, unaosema yote ni kazi ya ubongo, una jibu kamili. Mtafiti Jimo Borjigin na wenzake walionyesha mwaka 2023 kwamba wagonjwa wawili kati ya wanne, mashine ya kupumulia ilipoondolewa, ubongo wao uliongeza ghafla mawimbi ya umeme ambayo huonekana mtu akiwa macho. Pengine ndiyo ule mwanga. Lakini wote wanne walifariki, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa aliona nini. Na hata kwa walionusurika, swali gumu ni la saa: kumbukumbu ile iliundwa lini? Moyo ulipokuwa umesimama, au fahamu zilipokuwa zinarudi kidogokidogo, masikio yakitangulia macho?

Kwa sababu hiyo nayakataa majina mawili yanayotumika ovyo, "tajriba ya kifo" na "safari ya roho". Napendekeza tajriba ya mpakani mwa mauti. Mtu wa Malaba, mpakani hapa, atanielewa upesi. Aliyefika getini akageuzwa anaweza kutueleza foleni ya malori, wabadilishaji fedha, boda boda wanaogombania abiria, na maelezo yake yakawa ya kweli tupu. Tukimuuliza habari za Kampala, tutataka kwanza kuuona muhuri wa upande wa pili kwenye pasi yake.