Malezi ya upole na ubaguzi wa rangi: Mtihani wa wazazi weusi Marekani

WAHENGA walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa wazazi weusi nchini Marekani, methali hii ina uzito wa kipekee, kwani ulimwengu unaowasubiri wana wao hauwatendei watoto wote haki sawa.

Kwa vizazi vingi, baadhi ya wazazi hao wameshika mkanda kwa sababu ya hofu. Waliamini kuwa heri mtoto alie nyumbani kuliko aangamie mikononi mwa polisi. Katika kitabu chake Spare the Kids cha mwaka 2017, mwandishi Stacey Patton anahusisha ukali huo na makovu ya enzi ya utumwa.

Hofu hiyo ina msingi. Novemba 2014, Tamir Rice, mvulana mweusi wa miaka 12, alipigwa risasi na polisi mjini Cleveland akiwa na bastola ya kuchezea. Mwaka uo huo, utafiti ulioongozwa na Phillip Atiba Goff ulionyesha kuwa wavulana weusi, tangu umri wa miaka 10, hudhaniwa kuwa wakubwa kuliko umri wao na wenye hatia zaidi kuliko wenzao weupe.

Hata hivyo, kiboko hakizuii risasi. Mwaka 2018, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wasiwachape watoto, kikieleza kuwa kichapo huhusishwa na ongezeko la uchokozi.

Malezi ya upole si kudekeza. Mzazi huweka mipaka, hueleza sababu zake na huisimamia bila kipigo wala matusi.

Upole huo hauna budi kuandamana na ukweli kuhusu rangi. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi 253, wa kati ya miaka 3 na 7, wanasesere waliotofautiana kwa rangi pekee. Wengi walimsifu mweupe na kumwona mweusi kuwa mbaya. Kazi ya Kenneth Clark ilitajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Mei 17, 1954, ulioharamisha utengano wa rangi katika shule za umma.

Funzo ni kwamba kimya cha mzazi hakimkingi mtoto. Mtoto mdogo apewe vitabu na wanasesere wanaofanana naye, na ngozi na nywele zake zisifiwe. Akianza shule, aelezwe kuwa anayemdhihaki ndiye mwenye kosa. Akibalehe, afundishwe namna ya kujibu polisi kwa utulivu huku mikono yake ikionekana, na aambiwe waziwazi kuwa tahadhari hiyo si kukiri hatia.

Suala hili linawagusa pia Wakenya waliohamia huko. Mzazi aliyekulia mahali ambapo watu huulizana kabila aghalabu hushtuka mwanawe anapotambuliwa kwanza kwa rangi yake. Akimjibu kwa ukali, au kumwambia apuuze tu, mtoto hujifunza kuficha machungu yake.

Mtoto anayesikilizwa nyumbani huwa na mahali pa kurudi na kusema anapodhulumiwa nje.